Sinia la Wakwe: Mgeni wa Pwani na Vyakula vya Webuye

Msafiri atokaye Pwani, akishapita Eldoret na kuteremka kuelekea mpaka wa Malaba, huukuta mji wa Webuye kabla hajafika Bungoma. Hapo Mto Nzoia huporomoka juu ya majabali ya Nabuyole, na karibu yake ni vilima vya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Wengi wetu tuliujua mji huu kwa kiwanda chake cha karatasi. Leo twauingia kwa mlango wa jikoni, kwani vijana wetu waoao na mabinti zetu waolewao bara si wachache, na sinia la kwanza la wakwe huweza kujenga undugu au kuutia ufa.

Chakula kikuu ni ugali, nao huitwa busuma. Ule wa asili hupikwa kwa unga wa wimbi, mara nyingi umechanganywa na mtama au muhogo mkavu, ukawa wa rangi ya kahawia iliyokoza. Kitoweo chake ni mboga za majani: kunde, mnavu, mgagani, na mlenda ambao huku huitwa murere. Bibi zetu wa Pwani wazijua mboga hizi. Kilicho kigeni ni mapishi. Mahali pa tui la nazi huwekwa maziwa, na mboga chungu huweza kulazwa nayo hadi uchungu upungue. Mlenda hutiwa musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya mabua ya maharagwe au magunzi ya mahindi, ili ulainike upesi.

Kuku ndiye heshima ya mgeni. Zamani wanawake walikatazwa kumla, na firigisi ikawa fungu la mwenye nyumba. Mwiko wa wanawake umefifia; heshima ya firigisi ingali inakumbukwa. Kwetu sisi suala ni kuchinja. Familia nyingi za bara humwita jirani Mwislamu, au humkabidhi mgeni kisu, ili wote wale pamoja. Basi mwambie mwenyeji wako mapema. Neno likitangulia ni ombi. Likija sahani ikiwa mbele, ni fedheha.

Kisha wako kumbikumbi, waitwao chiswa. Baada ya mvua hutoka vichuguuni kwa makundi, nao watu hukifunika kichuguu, wakapigapiga ardhi kuiga kishindo cha mvua, wakawakusanya. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, wakaliwa na ugali. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, wadudu hawaliwi isipokuwa nzige; wanazuoni wa Maliki wamelegeza kwa masharti. Anayewaacha kwa sababu hiyo ana hoja, bali hana ruhusa ya kukunja uso. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa nyama ya dhabu, mjusi wa jangwani, akaiacha kwa kuwa haikuwa chakula cha nchi ya watu wake. Wala hakuiharamisha, na Khalid bin Walid akaila mbele yake. Tena imepokewa kuwa hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Jambo moja lataka uangalifu. Wimbi hilohilo hutoa uji mchachu, ambao ni halali na wafaa watoto, na pia busaa, ambayo ni pombe. Vyote viwili ni vizito na vina ukakasi, basi si vibaya kuuliza kabla ya kupokea kata.

Twapaswa, basi, kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya: kilichokatazwa na dini, na tusichokizoea tu. La kwanza halina mjadala. La pili ni ulimi tu, nao hufundishika. Musherekha si najisi, na ugali mweusi si umaskini. Tukumbuke pia kwamba mkwe wetu wa Webuye, akiletwa Lamu au Mombasa na kuwekewa pweza wa nazi au papa mkavu anukaye ukumbini, naye hujikaza kwa ajili yetu. Adabu tunayoitarajia kwake ndiyo tumfungashie binti yetu pamoja na kanga zake siku aendapo ukweni.