Njia ya Mgongo wa Ngong

Njia fupi ya vilima vya Ngong huanzia kwenye lango la Shirika la Huduma za Misitu, juu ya mji wa Ngong, takriban kilomita 25 kusini-magharibi mwa Nairobi. Kutoka langoni hadi kilima cha kwanza ni mwendo ambao hata mtoto wa shule ya msingi huumudu, ingawa aliyezoea lifti za mjini atasimama mara moja mbili kuvuta pumzi, kwa kuwa hapo ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wengi huishia hapo na kurudi. Mwenye nguvu hufuata mgongo kuelekea kusini, akipanda na kushuka hadi Lamwia, kilele cha mita 2,460, kisha huteremkia Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Vijia vingine huchepuka kushuka mbavuni kufuata maji na maboma.

Wa kwanza kuzikanyaga njia hizi walikuwa wanyama wa porini, kisha ng'ombe wa Wamaasai. Jina Ngong latokana na maneno ya Kimaasai, enkong'u emuny, yaani chemchemi ya kifaru. Kifaru hayupo tena. Nyati walionekana mgongoni wakati mwandishi Mdenmaki Karen Blixen akilima kahawa chini ya vilima hivi, kabla ya kuondoka Kenya mwaka 1931. Mwaka huohuo mpenzi wake, Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi, alizikwa kwenye ubavu wa mashariki.

Anayeijua njia hii tangu miaka ya 1980 hukumbuka kwanza harufu. Mbavuni kulikuwa na leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia kama kafuri yakifikichwa kiganjani. Wamaasai waliyatumia kutandika malalo na kuyaweka kwapani, manukato yasiyouzwa dukani. Mti huohuo hutoa makaa mazuri, na hilo ndilo lililouponza. Juu kulikuwa na nyasi tupu na upepo, na sauti pekee ilikuwa njuga za ng'ombe na mluzi wa mchungaji.

Upepo huo ndio ulioleta mabadiliko yanayoonekana kutoka mbali. Mitambo miwili ya kwanza ya umeme ilisimamishwa mwaka 1993. Mwaka 2009 ikaja mipya sita, yenye mapanga yanayozunguka kwa kipenyo cha mita 52, na upanuzi uliofuata ukafikisha uwezo wa megawati 25.5. Barabara ya magari ya ujenzi ikapanua sehemu ya kijia. Mtu akisimama chini ya mtambo husikia mvumo mzito unaokuja na kwenda, na ng'ombe, ambao hawakushtuka kwa muda mrefu, hulala kivulini mwa nguzo.

Wageni nao walibadilika. Kulikuwa na miaka ambayo watu waliporwa mgongoni, na kutembea bila askari wa misitu kulionekana ujinga. Kisha yakaja malipo ya kiingilio na askari wa kusindikiza, na Jumapili zikajaa vikundi vya makanisa, wakimbiaji na vijana wa vyuo wanaoshuka matatu ya 111 mjini Ngong na kumalizia kwa bodaboda. Hayo ni mema. Mlima unaotembelewa una watetezi.

Hasara iko chini ya macho ya wageni hao. Upande wa mashariki mabati yamepanda mwaka hadi mwaka, na mahali palipokuwa na vichaka pana nyua na ploti zenye vigingi. Mgongo wenyewe unalindwa, lakini maji ya mvua hushuka mbavuni, na bila mizizi ya kuyashika huondoka na udongo. Serikali ya kaunti na wenye mashamba wauache ukanda wa leleshwa uliosalia kati ya nyumba na nyasi za juu, kabla ploti ya mwisho haijauzwa.