Likizo Kisiwani Idjwi: Kupanga Kurudi Kabla ya Kwenda

Kila mwaka Julai ikaribiapo na watoto wafungapo madaftari yao, neno hili huzuka katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale: “Baba, mwaka huu tutakwenda kuliona ziwa?” Si neno la upuuzi. Watu wa Ulaya huweka akiba mwaka mzima wapate kukaa juma moja katika visiwa vya Ugiriki, kama Santorini. Nasi tunacho kisiwa chetu, katikati ya Ziwa Kivu. Ndicho Idjwi.

Kisiwa hiki kina urefu wa kilometa 40 hivi, nacho kimo katika mkoa wa Kivu Kusini. Aliyezoea milima ya Masisi yenye malisho na jibini, au mwitu mkubwa wa Walikale, huko ataona migomba, mibuni na mashamba ya mananasi yakishuka hadi ukingoni mwa maji. Jioni wavuvi huondoka huku wakiimba, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Huenda kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni kitoweo cha ufuko mzima.

Njia ni mbili. Watu wa Masisi hushuka kwa Mushaki hadi Sake, kisha Goma, na huko hutafuta boti. Watu wa Walikale hufuata barabara ya Hombo na Bunyakiri hadi Bukavu, ndipo wavuke. Mvua huzigeuza njia hizo kuwa matope. Kwa hiyo Julai na Agosti, miezi ya kiangazi, yafaa kuliko mingine.

Lakini matope si pingamizi kubwa. Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na kundi la M23, Bukavu ukafuata Februari, na mwezi wa Machi vita vikafika Walikale penyewe. Basi ulizeni habari za njia kwa waliopita juma hilo, wala si kwa waliopita mwaka jana. Habari zikiwa mbaya, msione haya kungoja. Hata Santorini, Februari 2025, maelfu ya watu walikihama kwa matetemeko ya ardhi, wala haikuwa aibu kwao.

Tena yako mambo mawili ambayo mgeni hayajui. La kwanza ni mazuku, hewa nzito itokayo ardhini karibu na Sake na ufukoni kuelekea Goma. Haionekani wala hainuki. Hutuama mabondeni na kuua mtu na mnyama pasipo kelele. Usiku ukiwakuta huko, msilale mahali palipoinama, wala msiwaache watoto wacheze mashimoni. Ulizeni wenyeji, wanapajua.

La pili ni boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea ndugu zao. Vita vilikuwa vimeifunga barabara, watu wakajazana majini kupita kiasi cha chombo. Makumi ya watu walikufa. Kwa hiyo mama akiona boti imejaa, na amshike mtoto mkono, arudi nchi kavu. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Ndiyo sababu twasema: safari ipangwe kuanzia mwisho wake. Baba na mama waketi pamoja, watenge kwanza fedha ya kurudi, pamoja na ziada ya kulala siku mbili bandarini wakingoja boti isiyojaa. Kisha watenge fedha ya kwenda. Itakayobaki ndiyo itakayowaambia siku za kukaa. Zikiwa tatu tu, ziwe tatu, na zifurahiwe.

Na kama mwaka huu njia imefungwa, akiba isivunjwe, wala mtoto asidanganywe. Aambiwe kweli: “Tutakwenda njia itakapofunguka.” Kisiwa hakihami, wa kulindwa ni wale watakaokwenda kukiona.