Kikohozi kinapimwa, sonona inachapwa

Niko BTP huku Sanya Juu, baridi ya mlima si mchezo.

Jamani, jirani kuna Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu tangu 1926. Ukikohoa wiki mbili hata mama muuza ndizi anakwambia kapime. Lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, wiki ya tatu sasa hali, halali, haongei, anaitwa mvivu. Juzi ofisini likaja wazo achapwe. Nikakataa, na alama zangu ziko mikononi mwao, he!

Sonona inatibika. Kwa vijana huanza mazungumzo; dawa ni ya daktari, siyo ya kununua dukani. Na wa kuzungumza naye si lazima awe daktari. Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri waliwapa vijana waliotoka tu sekondari waongoze vipindi vinne, saa moja kila wiki. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021, lilionyesha dalili zilipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Si umri wetu huo?

Akigusia kujiua, hapo sisubiri, ni KCMC siku hiyohiyo. Kesho tunakaa, mama yake kakubali kuja.