Somo Lililochelewa Kufika

Vijana wengi tunadhani kompyuta ilikuja nchini pamoja na intaneti. Si kweli, ndugu msomaji. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa kimeanzisha idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, miaka mitatu tu kabla. Kwa hiyo hatukuwa nyuma sana, au siyo?

Kinachoniuma ni kilichofuata. Hesabu za serikali zilivurugika, fedha za kigeni zikateketea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Katazo hilo lilikuja kulegezwa miaka ya 1990. Sasa jamani, somo litakuaje chuo kikuu wakati chombo chenyewe kinazuiwa bandarini? Makerere walianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, sisi bado tumefunga mlango.

Baba mdogo, karani mstaafu wa reli hapa Kilosa, anaikumbuka miaka hiyo. Ameuza mahindi yake ili nikasomee cheti cha kompyuta Morogoro. "Mwanangu," ananiambia, "mimi nilifungiwa. Wewe umefunguliwa, halafu unakaa unaandika hadithi?"

Nakiri swali lake ni zito. Mimi nimeishia kidato cha nne, na riwaya yangu naichapa usiku katika duka la steshenari Mikumi, pale barabarani, malori ya Iringa yakinguruma. Mchana nawachapia watu barua za maombi ya kazi. Riwaya haijanipa hata nauli.

Lakini tazama jambo moja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile haikuwa ya hesabu peke yake. Watu walikaa wakatafuta maneno. Kwetu Mikumi, ukisema hifadhi, mtu anawaza tembo na nyati. Kwenye kompyuta, hifadhi ndiyo inayookoa kurasa zangu umeme usipokatika mapema. Nani aliye tayari kwa kazi hiyo kama si anayeshinda na maneno?

Basi nimemjibu Baba mdogo kwamba nitakwenda. Somo lililochelewa miaka yote hiyo silikatai. Ila riwaya nakwenda nayo, na hilo nimemwambia wazi. Hajanijibu bado.