VESPA YA BABA ILITOKA PAHALI PATATU

Kwetu Kinsevere watoto walikuwa wanacheka Vespa ya baba: "Iko nakohoa sawa mbuzi!" Lakini kila siku ya Mungu baba alipandisha mama nyuma, mimi nasimama mbele, na mavumbi mekundu yanatufuata mpaka kanisani.

Baba hakuinunua dukani. Mwaka 1986, yeye na rafiki yake fundi waliiunga katika lupango yetu. Mwili wa chuma ulitoka katika Vespa ya Italia, moteri katika Chetak ya India, na pahali pa kukanyagia miguu walikata na kuchomea wao wenyewe.

Kumbe vyuma vile vilipatana juu ni vya ukoo mmoja. Vespa ilizaliwa Pontedera, Italia, mwaka 1946. Kiwanda cha Piaggio kilikuwa kinatengeneza ndege, kikavunjwa na mabomu ya vita. Corradino D'Ascanio, fundi wa helikopta, hakupenda pikipiki zinazochafua nguo. Basi alificha moteri pembeni ya gurudumu la nyuma, akaweka ngao mbele ya magoti. Vespa, maana yake nyigu. Kampuni Bajaj ya India ilizitengeneza kwa ruhusa ya Piaggio mpaka 1971, kisha mwaka 1972 ikatoa Chetak yake.

Baba alifariki 2009. Vespa ikakaa chini ya muembe, kuku wanalala juu.

Mwaka 2014 binti ya dada yangu alikosa feza ya mutihani wa Serikali. Mutu mumoja akafika toka Lubumbashi, anatafuta Vespa za zamani. Alisoma jina kwenye ngao, akafurahi, akataja bei ya kulipa mutihani na kubakisha hata mabati ya nyumba. Halafu akauliza: "Lakini yote ni ya Italia, kweli?"

Moyo uliniambia: jibu ndiyo, nani atajua? Mama alikuwa anatwanga sombe. Akaacha kutwanga. Hakusema neno.

Nikajibu: "Hapana, bwana. Moteri ni ya India. Na hapa chini, baba aliunga mwenyewe."

Akapiga magoti, akaona alama za moto. Bei ikashuka nusu. Mutihani tu, mabati, hakuna. Nilikasirika, nikataka kumufukuza. Mama akasema: "Acha achukue. Baba yenu aliiunga juu ya kutufikisha. Leo inafikisha muzukulu wake."

Yule bwana alishindwa kuiwasha. Nikachanganya mafuta na esanse namna baba alinifundisha, nikapiga teke mara tatu. Ikakohoa, ikaenda.

Vijana, chombo cha kuungwa si haya. Haya ni kuficha pahali kilipoungwa. Ukiuzisha kintu, uuzishe na habari yake yote. Mabati tulinunua nyuma, polepole, na chini yake tunalala usingizi muzuri.