Bei ya Kipimo cha Damu

Watu wengi huchukizwa wasikiapo kuwa maisha ya mwanadamu yametiwa katika mizani ya fedha. Mimi sichukizwi. Hazina ya matibabu, hata katika nchi tajiri, ina mwisho wake, na fedha iliyokwisha kutumiwa kwa mgonjwa mmoja haiwezi kumfaa wa pili. Akataaye kuhesabu humdhulumu mgonjwa asiyemwona. Kwa hiyo swali la kupima damu ya watu wasio wagonjwa, ili wajue kama wamerithi hatari ya saratani, kwangu ni swali la haki.

Jeni mbili ndizo zitajwazo zaidi. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 mahali ilipo ya kwanza, BRCA1, katika kromosomu ya 17; jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Katika kila wanawake 100 waliorithi kasoro ya BRCA1, hukadiriwa kuwa kama 72 hupatwa na saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na kama 44 hupatwa na ya ovari. Kwa miaka mingi kampuni ya Myriad Genetics ilishika hataza za jeni hizo huko Marekani, na kipimo kamili kiliuzwa zaidi ya dola 3,000. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa DNA ya asili haiwi mali ya mtu eti kwa kuwa ameitenga. Wapimaji wakaongezeka, na bei ikashuka hadi dola mia kadhaa.

Walakini bei hiyo ni mlango tu wa gharama. Nyuma yake kuna ushauri, picha za matiti za kila mwaka na, kwa wengine, upasuaji. Hapana budi kuchagua wa kupimwa. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2013 ulielekeza apewe kipimo mtu ambaye uwezekano wake wa kuwa na kasoro umefikia asilimia 10. Israeli ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2020 ilianza kuwapima bure wanawake wote wa asili ya Ashkenazi, wawe na wagonjwa katika ukoo au wasiwe nao. Katika watu hao mmoja kwa kila 40 hivi hubeba moja ya kasoro tatu zijulikanazo, na kitafutwacho kikijulikana, kukitafuta huwa rahisi.

Ukoo nao ni hivyo hivyo. Mtu wa kwanza hupimwa jeni nzima. Kasoro yake ikijulikana, nduguze hutazamwa mahali pale pamoja tu, na kila ndugu wa tumbo moja au mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Kila jamaa aitikaye wito huipunguza gharama ya yule wa kwanza. Lakini jamaa hawezi kuitika asipoambiwa, na jambo hili halimo katika uwezo wa mhasibu yeyote.

Shangazi zangu wawili walifariki kabla ya kufika miaka 50, na maradhi yao nyumbani yaliitwa uvimbe. Binti wa baba mdogo, dada yangu kwa desturi yetu, anaishi Uingereza. Tabibu alipomwuliza habari za upande wa baba yake hakuwa na la kujibu, akanipigia simu. Nilimtajia majina na umri wa kila marehemu. Baba yake hakuwa amemwambia neno. Alidhani maradhi ya matiti hayamhusu mwanamume, ilhali kasoro hii hupita kwa baba sawasawa na kwa mama. Huenda jibu la dada yangu lisieleweke upesi, kwa maana jeni za watu wenye asili ya Afrika zimechunguzwa kidogo kuliko za Wazungu, na mabadiliko yasiyojulikana maana yake huonekana kwetu mara nyingi zaidi. Hata hivyo amekubali kupimwa.

Nami nimemwandikia baba mdogo. Anao mabinti wengine watatu.