Kibaha si mbali, ila amka mapema

Shangazi,

Uliniagiza nikuangalizie Kibaha kabla hujatoa hela ya kiwanja. Nimekwenda, nimezunguka kwa mguu na kwa bodaboda, vumbi mpaka masikioni.

Kwanza, lile pori la mikorosho unalolikumbuka limerudi nyuma sana, kando ya lami huliona tena. Kutoka Dar ni kama kilomita 40 tu kwa Barabara ya Morogoro, na tangu ilipopanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, watu wanahamia kwa fujo. Waliobomolewa nyumba mwaka 2017 kuipisha hiyo barabara hawaisifu hivyo, lakini tuyaache.

Nenda Maili Moja, pale pale Kibaha, saa kumi na moja alfajiri uone. Konda anaita "Mbezi, Mbezi!", gari halijasimama sawasawa, mtu kashapitisha begi dirishani kushika siti. Dada mmoja mwenye sare ya unesi alikuwa na kandambili miguuni, viatu vya kazi kavipakata. Akaniambia atavivaa Kariakoo. Kwenda mpaka Kimara ni mteremko siku hizi. Kuanzia pale unagombania mwendokasi kama wenzako wa Dar, na barabara pana haijakusaidia kitu.

Ila asikudanganye mtu kwamba Kibaha ni pa kulala tu. Ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ingawa bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Nikakata kwenda Tumbi, kwenye Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, kisha mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali. Shule, maktaba, hospitali, mashamba, vyote vilipangwa pamoja na watu waliofikiri kwanza ndipo wakajenga. Mitaa mipya ingeiga hapo. Mingi niliyoipita inaota yenyewe: nyumba, fremu za maduka, nyumba, halafu njia inaishia ukutani kwa mtu.

Kazi nazo zinasogea huku. Viwanda vipo, na huko Kwala bandari kavu ilizinduliwa mwaka 2025, kwa hiyo si kila kijana atapanda gari la Mbezi.

Sasa kiwanja chako. Dalali anasema "dakika tano kutoka lami". Ni kweli, kwa bodaboda inayopaa. Kwa miguu nimetembea nusu saa nzima. Na maji? Mtambo wa Ruvu Juu upo hapo hapo Mlandizi, unapeleka maji mpaka Dar, lakini mtaa ule niliwakuta wakinunua kwa madumu. Mimi ningenunua, ila karibu na Tumbi, hata kama ni kidogo. Na kabla ya kulipa usimwulize dalali chochote. Gonga kwa jirani umwulize anaamka saa ngapi.